Uzi wa maharagwe meupe makavu: mbona mengine yanapasuka na mengine bado mawe?

Mpeta_Ungo (Nakuru)

Hamjambo nyote. Kila uzi wa mapishi ukifika kwenye maharagwe meupe, malalamiko ni yale yale: sufuria moja, moto mmoja, lakini nusu ya punje zimepasuka na kuwa uji, nusu nyingine zinagonga jino. Anayejibu husema ongeza moto au tia magadi. Mara nyingi kosa lilishafanyika kabla sufuria haijawekwa jikoni, kwa hiyo nitaanzia gunia. Mwenye swali aulize, mwenye kujua zaidi aongeze.

Sokoni kwetu utapata aina mbili. Kuna punje ndogo ya mviringo, ya jamii ya Mexican 142, mbegu iliyolimwa Kenya miaka mingi kwa ajili ya viwanda vya mikebe. Ganda lake ni jembamba na ikipikwa vizuri hushika umbo. Halafu kuna punje kubwa, ndefu, yenye umbo la figo, nayo huchukua muda zaidi kulowana na kuiva. Usizichanganye hizo mbili kwenye sufuria moja. Na kunde nyeupe yenye jicho jeusi si maharagwe haya, huiva mapema zaidi.

Jambo linaloharibu sufuria nyingi ni maharagwe ya misimu miwili kuwa kwenye gunia moja. Mzigo mpya ukifika, muuzaji huumwaga juu ya masalio ya zamani. Ya zamani huchukua maji polepole na mengine hayalainiki kamwe, mapya yanaiva mapema. Ingiza mkono hadi chini ya gunia, toa konzi moja, uilinganishe na konzi ya juu. Mapya ni meupe safi na ganda limekaza. Ya zamani yameelekea umanjano, hayang'ai, na ganda lina mikunjo midogo upande wa kitovu. Ukiona rangi mbili kwenye konzi moja, nenda kwa muuzaji mwingine.

Angalia wadudu pia. Tundu la mviringo lililo wazi ni alama kwamba mdudu ameshatoka. Lililo baya zaidi ni lile doa dogo la mviringo, kama kidirisha cha kijivu chini ya ganda: huyo bado yumo ndani, na atatokea jikoni kwako.

Gorogoro moja iliyojaa ni karibu kilo 2. Hesabu zangu zote hapa ni za nusu kilo, yaani robo ya gorogoro. Ikiiva hiyo hufika kilo 1.2 hivi, inatosha watu 5 au 6 kwa ugali au chapati.

Chambua juu ya sinia nyeusi au kitambaa cheusi. Kwenye maharagwe mekundu kokoto nyeupe huonekana. Hapa imejificha, na ndiyo inayovunja meno. Sukuma punje kidogo kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ondoa zilizotoboka, zilizosinyaa na zenye madoa ya kahawia au ukungu. Peta kwenye ungo, kisha osha mara tatu. Zinazoelea baada ya kukoroga, tupa.

Sasa kuloweka. Maji lita 1.5 na chumvi kijiko kikubwa kimoja, saa 8 hadi 12. Najua wengi wamefundishwa kwamba chumvi hukaza maharagwe. Kwenye maji ya kulowekea kazi yake ni kinyume: sodiamu ya chumvi huingia kwenye ganda na kuondoa sehemu ya kalisi na magnesi inayolikaza. Ganda linakuwa laini, linanyumbuka punje inapovimba, halipasuki ovyo. Kwa maharagwe meupe, ambayo uzuri wake ni punje nzima, hatua hii ndiyo ningeikazania kuliko zote.

Usitegemee saa peke yake. Toa punje tatu uzipasue katikati kwa kisu. Nusu mbili zikiwa bapa na rangi moja hadi ndani, yamelowana. Ukiona kijishimo katikati au sehemu nyeupe kavu kama chaki, ongeza saa 2.

Mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya yapite maharagwe kwa vidole viwili. Moto mkali hadi yachemke, uyaache yachemke kwa nguvu dakika 15 kwa punje ndogo na dakika 30 kwa punje kubwa, huku ukiondoa povu. Maharagwe mabichi yana sumu ya asili inayoitwa lektini. Iko nyingi zaidi kwenye yale mekundu ya figo, lakini meupe pia yanayo, na inaharibiwa na mchemko wa kweli, si maji ya moto tu. Baada ya hapo punguza moto, maji yatikisike polepole. Kifuniko kiache upenyo. Nakuru hesabu dakika 60 hadi 90. Maji yakipungua, ongeza ya moto, kamwe si ya baridi, maana baridi ya ghafla hupasua maganda.

Yameiva lini? Onja punje tano kutoka pande tofauti za sufuria. Zote tano zikisagika kwa ulimi bila kuacha chembe, yako tayari. Moja ikikataa, bado.

Nyanya, ndimu na ukwaju visiguse sufuria kabla ya hapo. Asidi huzuia kuta za punje kulainika, na ukishatia nyanya kwenye maharagwe ambayo hayajaiva, yatabaki hivyo hata ukiyachemsha hadi jioni.

NyarKisumu (Kisumu)

Shukran kwa maelezo. Swali la sisi wa ziwani: ukiloweka saa mbili usiku, asubuhi maji yana povu na harufu ya kuchacha. Maharagwe hayo bado yanafaa? Na je, kuna njia ya kuloweka bila kusubiri usiku kucha?

Mpeta_Ungo (Nakuru)

Dada, joto la Kisumu linatosha kuanzisha uchachu ndani ya saa 8. Vipovu vichache juu ya maji na harufu ya maharagwe mabichi si tatizo, suuza upike. Yakiwa na utelezi na harufu kali ya uchachu, usiyaokoe.

Kuzuia ni rahisi. Mwenye friji aweke bakuli humo, ila kwenye baridi kulowana huchukua saa 12 kamili au zaidi. Asiye na friji aloweke kabla ya kulala, si mapema jioni, na abadilishe maji mara moja baada ya saa 4 au 5. Ukibadilisha, tia chumvi upya.

Njia ya haraka: maharagwe na maji lita 2 kwenye sufuria, yachemke dakika 2, zima, funika, acha saa 1. Mwaga, suuza, endelea kupika kwa maji mapya. Yanaiva sawa, ila kwa njia hii punje zinazopasuka huwa nyingi zaidi kidogo. Kwa mchuzi mzito haidhuru. Kwa saladi au maharagwe ya kuweka kwenye friza, loweka kwa maji baridi.

Kuhusu gesi tumboni: sukari za rafinosi na stakiosi ndizo zinazofika utumbo mpana bila kumeng'enywa. Sehemu yake huyeyuka kwenye maji ya kulowekea, ndiyo sababu yanamwagwa. Hazitoki zote.

MamaWaBusia (Busia)

Naomba tuzungumzie magadi na munyu wa majivu. Huku kwetu musherekha, yaani huo munyu wa majivu, haukosekani jikoni, na ni kweli hulainisha. Lakini naona watu wanatia kwa kukisia, halafu maharagwe meupe yanageuka manjano na yanateleza. Kipimo ni kipi?

Baba_Kapu (Kitale)

Hilo nitalijibu mimi, mama. Vyote viwili hufanya maji yawe na ualkali, na ualkali hulegeza gundi inayoshikanisha chembe za punje. Ndiyo sababu ukizidisha, ganda hubanduka lote na ndani kunakuwa kama gundi ya ngano. Umanjano ni dalili ya wazi: rangi asilia zisizoonekana kwenye ganda jeupe hugeuka manjano kwenye alkali. Pia vitamini B1 huharibika haraka, na ladha inakuwa ya sabuni.

Kwa nusu kilo ya maharagwe mapya usitie chochote. Kwa ya zamani, magadi robo ya kijiko cha chai, yaliyosagwa na kuyeyushwa kwenye maji kidogo, uyachuje kwa kitambaa kwa sababu ya mchanga. Yatie mwanzoni mwa kupika. Musherekha hauna kipimo kimoja kwa sababu ukali wake unategemea kilichochomwa, kama ni maganda ya maharagwe au magunzi, na maji kiasi gani yamepita kwenye majivu. Anza na vijiko vikubwa 2 kwenye sufuria nzima, subiri dakika 20, uonje. Ukihisi utelezi kwenye ulimi, usiongeze.

Usitie magadi kwenye maji ya kulowekea halafu tena kwenye ya kupikia. Hapo ndipo wengi wanapozidisha.

KisimaNjoro (Njoro)

Naongeza habari ya maji, kwa sababu upande huu tunatumia visima virefu. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa karibu na Nakuru yana floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floridi iliyobaki inakolea zaidi, na maharagwe ni chakula kinachofyonza maji mengi. Nyumba yenye watoto ambao meno yao ya ukubwani hayajaota ilipe jambo hili uzito. Tumieni maji ya mvua kulowekea na kupikia, au maji yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa, lile ambalo mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru umelisambaza kwa miaka mingi. Chujio la mchanga na dawa ya klorini hazigusi floridi.

Na kwa habari ya upishi: maji hayo ya visima mara nyingi tayari yana ualkali. Kuyatilia magadi juu yake ni kuzidisha. Maji magumu yenye kalisi nyingi, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, hufanya kinyume, yanakaza. Kwa maji ya namna hiyo loweka kwa chumvi kama alivyosema Mpeta_Ungo, na upikie maji ya mvua ikiwezekana.

Shamba_Molo (Molo)

Sisi wa Molo maji yanachemka lakini hayaivishi. Dakika 90 zenu hapa hazitoshi. Sufuria ya presha inafaa kwa maharagwe meupe, au yanakuwa uji tu?

Mpeta_Ungo (Nakuru)

Sababu ni mwinuko. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, maji huchemka kwenye nyuzijoto 96. Nakuru, mita 1,850, ni 94. Molo mko juu ya mita 2,400, kwa hiyo ni kama 92. Ukiongeza moto maji yatakauka haraka lakini joto halipandi hata kidogo. Kwa sufuria ya kawaida, ongeza nusu saa juu ya muda wa Nakuru, na mchemko wa mwanzo ufike dakika 30 hata kwa punje ndogo.

Sufuria ya presha ndiyo dawa ya Molo kwa sababu ndani yake joto hupita nyuzijoto 110. Ila ina masharti yake. Usijaze zaidi ya nusu, maharagwe na maji kwa pamoja, maana povu na maganda huziba tundu la mvuke. Tia kijiko kikubwa cha mafuta kupunguza povu. Chemsha kwanza bila kifuniko dakika 5 uondoe povu la mwanzo. Yaliyolowekwa, punje ndogo: dakika 10 hadi 12 tangu kizito cha kwenye kifuniko kianze kupiga, kwenye moto mdogo. Punje kubwa: 15 hadi 18. Ambayo hayakulowekwa: 30 hadi 40.

Kisha zima na uache presha ishuke yenyewe, dakika 15 hivi. Ukiinua kizito kutoa mvuke kwa nguvu, maji ndani huchemka ghafla na kila ganda linapasuka. Huo uji wanaoulalamikia watu hutokana na kuharakisha hapo, si na presha yenyewe.

Ukifungua ukute bado, usirudishe presha mara moja. Pika dakika 10 bila kifuniko kwanza, uonje.

Baba_Kapu (Kitale)

Kwa wanaopikia makaa au gesi ya meko na bei inauma: kikapu cha kupikia bila moto kinafaa sana kwa maharagwe haya, kwa sharti moja. Lazima yawe yamelowekwa na yamechemka kwa nguvu dakika 30 kamili kabla ya kuingia kikapuni. Kikapu hushikilia joto, hakiongezi, na kadiri saa zinavyopita joto hushuka hadi 80 na chini yake. Kwenye joto hilo lektini haiharibiki. Maharagwe yaliyopashwa tu kisha kulazwa kikapuni yanaweza kutapisha nyumba nzima.

Sufuria ijae angalau theluthi mbili, kifuniko kibane, usipoteze muda kati ya jiko na kikapu. Maji yawe machache kuliko ya jikoni, sentimita 1 juu ya maharagwe, kwa sababu hayapungui. Saa 3 hadi 4. Usifungue kuchungulia. Ukitoa, yachemshe tena dakika 10 kabla ya kuunga.

NyarKisumu (Kisumu)

Tukifika kwenye kuunga, naomba njia ya karanga. Ya nyanya kila mtu anaijua.

MamaWaBusia (Busia)

Hiyo niachieni. Kwa nusu kilo iliyoiva: usimwage maji yake, bakiza vikombe 2. Vitunguu 2 vya wastani, vikatwe vidogo, vikaangwe kwenye mafuta vijiko vikubwa 3 hadi viwe rangi ya dhahabu hafifu. Vikiwa kahawia iliyokolea vitachafua weupe wa mchuzi. Saumu punje 4 zilizopondwa, nusu dakika. Karoti 1 ya kukwaruza ukipenda. Tia maharagwe bila maji yake, geuza taratibu kwa mwiko wa mbao dakika 3, chumvi kidogo, mkikumbuka kwamba mengine yaliingia wakati wa kuloweka.

Karanga zilizokaangwa na kusagwa, vijiko vikubwa 4, zikorogwe kwanza kwenye bakuli na kikombe kimoja cha maji ya maharagwe yaliyo vuguvugu. Ukizitupa moja kwa moja kwenye sufuria zinafanya mabonge. Mimina, ongeza kikombe cha pili, moto mdogo kabisa, dakika 10 hadi 12. Karanga hushika chini haraka, kwa hiyo koroga kila dakika ukikwangua kitako cha sufuria. Mafuta mekundu-mekundu ya karanga yakianza kuelea pembeni, imeiva. Dhania mwishoni. Mwenye kutaka nyanya atie moja tu, pamoja na vitunguu, iive hadi maji yake yakauke.

Kwa mushenye, yaani maharagwe na viazi vitamu vilivyopondwa pamoja, maharagwe meupe pia ni mazuri, viazi vitamu vinabaki na rangi yake. Maharagwe yaive kabisa peke yake kwanza, kisha viazi viingie juu kwa maji machache, vikiiva pondea vyote pamoja vikiwa moto.

Shamba_Molo (Molo)

Na nyoyo, yaani githeri? Mahindi na maharagwe meupe yaanze pamoja?

MamaWaBusia (Busia)

Hapana, kaka. Mahindi makavu yatangulie saa 1 na nusu, kisha maharagwe yaliyolowekwa yafuate. Vikombe 2 vya mahindi kwa kimoja cha maharagwe. Vikianza pamoja, maharagwe madogo yanavurugika kabla mahindi hayajapasuka.

KisimaNjoro (Njoro)

Tusisahau kuhifadhi, kwa sababu ndiko ugumu unakoanzia. Maharagwe yakikaa miezi mahali penye joto la zaidi ya nyuzijoto 30 na hewa yenye unyevu, ndani yake hutokea mabadiliko ambayo kuloweka hakuyafuti. Yatachukua maji, yatavimba, na bado hayatalainika. Kisumu, Busia na Siaya wawe waangalifu zaidi kuliko sisi. Gunia lisikae chini ya mabati wala jikoni karibu na moshi. Liwe juu ya mbao, mbali na ukuta, chumba chenye kivuli.

Kupima ukavu: chupa ya glasi iliyokauka, maharagwe kikombe kimoja, chumvi kavu vijiko vikubwa 2. Tikisa dakika 1, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado uko juu ya asilimia 15, rudisha kwenye turubai juani. Isiposhika, hifadhi.

Kwa wadudu, mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia, inaua kwa kuwanyima hewa bila dawa. Kila tabaka lifungwe peke yake, na usifungue wiki za mwanzo. Kwa kilo chache, dumu lenye kifuniko kinachobana, lijae hadi shingoni. Mwenye friza agandishe siku 4 au zaidi. Vidonge vya kufukizia ghala visiingie ndani ya nyumba ya kulala, hewa yake inaua watu. Na mbegu ya kupanda iliyopakwa dawa ya rangi ya waridi, kijani au buluu hailiwi, hata ukiiosha mara kumi.

NyarKisumu (Kisumu)

La mwisho kutoka kwangu: yaliyopikwa yanakaa muda gani?

Mpeta_Ungo (Nakuru)

Kwa joto la Kisumu yasizidi saa 2 nje. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na hukua tena sufuria ikilala mezani usiku, huku sumu ya baadhi yake haiondoki ukipasha. Yagawe kwenye vyombo vifupi yapoe haraka. Friji siku 3 hadi 4, friza miezi 3 bila shaka yoyote. Yafunikwe na maji yake yaliyopikiwa, bila nyanya wala karanga, ukiacha nafasi ya sentimita 2 juu kwa sababu yanapanuka yakiganda. Kifuko cha vikombe 2 kinatosha mlo mmoja, na unaweza kukitia kwenye sufuria yenye vitunguu kikiwa bado barafu.

Shamba_Molo (Molo)

Nimeloweka nusu kilo, punje ndogo, kwa chumvi. Presha ni kesho saa tano.

Mpeta_Ungo (Nakuru)

Usiku wa Molo una baridi, kwa hiyo asubuhi pasua punje tatu kabla ya kuwasha moto. Ukikuta chaki katikati, subiri hadi saa saba.